Miaka Mitano ya Kuuza Kabichi

Kabichi iliyokomaa haingoji. Mvua kubwa ikiikuta shambani, inapasuka, na iliyopasuka hainunuliwi. Mwaka ule mama aliacha mahindi akapanda kabichi shamba zima, kwa kuwa chama chetu kipya cha wakulima kiliahidi kuziuza kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe. Lori la kukodi lilipatikana. Wauzaji hawakuwepo. Kila asubuhi nilitazama mawingu juu ya Soni.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha kusoma. Alikuwa ameona tangazo la kazi ya karani kwenye ubao wa boma, Lushoto, akaliiga: anatakiwa muuzaji mwenye uzoefu wa miaka mitano.

"Mwalimu," nikamwambia, "chama hakijamaliza hata mwaka. Nani milimani huku ameuza kabichi kwa lori miaka mitano?"

"Wewe tangu darasa la kwanza ukiambiwa jua limechomoza unauliza nani kasema. Chuo kikuu kimekuzidishia. Serikali inaandika miaka mitano, sisi ni nani?"

"Serikali haiuzi kabichi."

"Mwanangu, tukimpa mtu asiyejua, zitaoza mikononi mwake. Mimi naogopa."

Hata mimi niliogopa.

Vijana walisoma tangazo wakaenda zao. Kwenye mkutano wa chama alikuja mtu mmoja tu, kutoka Tanga, kanzu safi, miaka sita katika duka la vitambaa. Mwenyekiti alifurahi mpaka akamwagizia chai. Nikamwuliza mgeni kama amewahi kuuza kitu kitakachooza kesho.

"Kitambaa hakiozi, bwana."

"Na mteja asipokuja?"

"Huja. Dukani mteja ndiye anayekuja."

Mama mdogo, aliyekuwa nje akisubiri mkutano uishe, akaingiza kichwa dirishani. "Shikamoo, Mwalimu. Basi zikunjeni hizo kabichi mzipange rafuni."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Marahaba. Wewe una uzoefu gani?"

"Gulio la Soni na la Magoma, tangu sijaolewa. Ndizi, nyanya, viazi. Nikiteremka na mzigo sipandi nao."

"Hiyo si kazi. Hilo ni gulio."

Huko kwetu gulio ni la wanawake, na hakuna aliyewahi kulihesabu kuwa kazi. Nikasema tufute miaka, tuandike hivi: awe ameuza vitu vinavyoharibika, na awe tayari kumfuata mnunuzi. Mama mdogo hakuwahi kukanyaga shamba la mkonge. Akishindwa, mama atakula nini mpaka msimu mwingine? Na kama anayekosea ni mimi? Mwenyekiti alimtazama yule wa Tanga, akalitazama dirisha, akasema haya, aende, na huyu bwana amsaidie.

Lori liliondoka Ijumaa na kabichi za wanachama wa upande wa Vuga. Za mama zilikuwa bado shambani. Jumamosi mchana tulisimama barabarani Soni, mama amenishika mkono kama mtoto. Lori lilipopanda kutoka Mombo, turubai lake lilikuwa limetuna kama lilivyoondoka. Mama akaniachia mkono.

Mama mdogo akashuka, sauti imemkauka, akavuta turubai. Yalikuwa magunia matupu, yamerundikwa ovyo, na kabichi chache zilizopasuka.

"Msimamizi wa shamba alikataa getini," akasema. "Nikazunguka nyuma, kwa wake za wakata mkonge, wakanunua. Wanataka nyingine Jumatatu. Lakini mniongezee watu, peke yangu siwezi."

"Na huyu bwana?" mwenyekiti akauliza.

"Huyu anajifunza. Getini alisubiri waje, hawakuja."

Yule wa Tanga akacheka na kujifuta vumbi. Mwenyekiti akatoa kalamu. "Tangazo jipya, mwanangu. Tuandike miaka mingapi?"

Nikageuka nimtafute mama. Alikuwa ameshapita maduka, kanga kichwani, anakimbilia shambani kukata zake. Tone la kwanza liliangukia mkono wangu. Nikamfuata mbio.