Kuni za kantini zilivyokuwa zinaisha kabla ya mwezi, na siku niliyomwita Mama Kulwa mwizi

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni bibi, naandika kwa kidole kimoja, mtanivumilia. Haya yalinikuta mwenyewe na sijatia chumvi hata punje.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja analalamika. Wenzake wakiwa nyumbani wanazima mpaka friji kuokoa luku, ila ofisini AC inawaka na madirisha yako wazi. Anauliza awafanyeje.

Mjukuu wangu, watu wa namna hiyo nilishakimbizana nao. Na mmoja wao nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, baada ya vita vya Kagera. Nilikuwa msimamizi wa kantini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Mwanza, ziwani kabisa. Dizeli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Lori la kuni likija mara moja kwa mwezi tunashukuru Mungu.

Sasa kuni za mwezi zikawa zinaisha wiki ya tatu. Meneja akaniita: "Ndugu, zikiisha tena nafunga kantini."

Mnaelewa maana yake? Kuna watu walikuwa wanatembea kwa mguu kutoka Buswelu, tumboni hamna kitu. Ugali na maharage ya mchana ndiyo chakula chao cha siku. Nikaapa, kantini hii haifungwi mimi nikiwepo.

Ujuzi nilikuwa nao. Mimi ni Mhaya, na mama alitufundisha: maharage unayaloweka, unayachemsha kidogo, unaepua, unafunga sufuria kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu ndani ya kikapu. Yanaiva yenyewe. Nyumbani kwangu hata koroboi nilikuwa nazima tukishamaliza kula. Mume wangu akinung'unika, namwambia mazungumzo hayahitaji mwanga.

Basi nikawakusanya wapishi wangu watatu mbele ya ofisi yangu, feni inazunguka ndani, nyuma yangu. Mkubwa wao alikuwa Mama Kulwa, Msukuma, mama wa mapacha. Nikahutubia weee! Kuni ni mali ya umma, kila kijiti ni jasho la mkulima. Wakapiga makofi, na wimbo juu.

Kesho yake magogo yale yale, moto wa kuchomea matofali.

Nikabandika tangazo. Wapi!

Nikafunga stoo kwa kufuli, nikawa nagawa kuni kwa mkono wangu. Maharage yakatoka mabichi. Fundi mmoja wa mashine akanifuata na sahani yake: "Dada, haya tule au tukachezee bao?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliumia jamani.

Jioni moja kazi imeisha, nikarudi jikoni kuchukua mwavuli. Namkuta Mama Kulwa anachomoa vijinga vinavyowaka, anavimwagia maji, anajaza makaa kwenye debe.

Nikapayuka: "Kumbe mwizi ni wewe!"

Hata hakushtuka. Akaweka debe chini. "Mwanangu, hata shikamoo hakuna?"

Nikaitoa kwa shida. "Shikamoo."

"Marahaba. Makaa haya ndiyo yanapika kwangu na kwa wenzangu wawili. Mjini hayapatikani, unajua. Moto ukiwa mdogo hapa, kuni zote zinakuwa majivu, sisi tunarudi mikono mitupu. Haya niambie, nikikubania kuni zako, kwangu nipikie nini?"

Nikaongozana naye mpaka kwake Mkuyuni. Jiko la baridi, unga umeshapimwa kwenye bakuli, nyumba nzima inasubiri lile debe. Niliona aibu ambayo hata leo naikumbuka.

Asubuhi nikaenda kwa meneja. Nikamwambia tugawe kuni kwa mafungu ya wiki, na zitakazobaki Jumamosi wapewe wapishi, waziwazi.

Akaruka. "Mali ya umma unaigawa kama karanga?"

"Inagawiwa tayari, ndugu meneja, ila kwanza tunaichoma. Zikiisha kabla ya mwezi usifunge kantini. Nifukuze mimi."

Akanisukumia karatasi: "Andika, utie saini." Nikaandika.

Wakuu, sikuhutubia tena hata neno moja. Jumatatu Mama Kulwa alikuja na shoka lake, akapasua magogo vipande vidogo. Akakandika udongo kuzunguka mafiga, upepo wa ziwani usipeperushe moto. Mimi nami nikaleta kikapu changu kwa mbwembwe. Akacheka mpaka akakaa chini: "Sufuria ya kiwanda kizima utaivalisha kikapu?"

Akachimba shimo nyuma ya jiko, akalitandika magunia yaliyojazwa pamba chafu ya mashine, ile ya kutupa. Maharage yakichemka asubuhi, sufuria inashushwa humo na kufunikwa. Saa sita yameiva laini. Yule fundi wa bao akaomba ya kuongeza.

Lori liliporudi lilikuta kuni bado zipo stoo. Na kila Jumamosi wapishi walikuwa wanatoka na mizigo kichwani kupitia geti kubwa, mlinzi anawapungia mkono.

Nikajiona mshindi. Sasa mchana mmoja natoka kula, narudi ofisini, namkuta Mama Kulwa amesimama chini ya feni yangu. Inazunguka peke yake, na taa inawaka, saa saba ya jua kali. Miezi yote ile ya kuhubiri, feni ile sikuwahi kuizima. Umeme ulikuwa wa kiwanda, haukuniuma.

Akanyoosha mkono, akazima feni, akazima taa. "Mwanangu, koroboi ya kwako ungeiacha hivi?"

Nikamwamkia upya: "Shikamoo."

Kwa hiyo kijana mwenye uzi, kabla hujabandika tangazo, kaulize kwanza: hicho kinachopotea kinamlisha nani, na kikiokolewa kitamfaa nani? Watu si wabaya. Wanabana pale wanapoumia. Halafu ukimaliza kuwauliza wao, geuka uangalie feni yako.

Haya, huko makazini kwenu nani Mama Kulwa, na nani mimi? Mwageni hapa chini bila kunionea haya. Nasoma zote kwa mwanga wa simu, taa nimeshazima.