Saa Moja Kabla ya Chai

Mwaka wa tisini na tano, Johana arap Sigei wa Kabianga alitolewa tezi ya shingo yenye saratani. Alirudi nyumbani na kovu, vidonge vya maisha yote na amri ya daktari: ameze kila alfajiri kwa maji matupu, halafu angoje saa moja kabla ya chai.

Johana aliitikia kwa heshima. Lakini kwake maji matupu yalikuwa ya ng'ombe. Akameza vidonge kwa chai ya maziwa, kama Mkristo. Mwaka mzima alisinzia kanisani, akasinzia kwenye foleni ya kupima majani chai. Akaamini saratani imerudi, akaanza kuwaonyesha wanawe mipaka ya shamba.

Kliniki, daktari aliuliza, "Mzee, dawa unameza na nini?"

"Vile ulisema."

"Mwongo huyo," mkewe Rael akasema. "Ni chai, daktari. Vikombe viwili."

"Basi saratani haijarudi. Chai ndiyo inazuia dawa, na bila dawa mwili unasinzia."

Kuanzia hapo Johana alimeza kwa maji, akaketi jikoni akiitazama birika kwa huzuni. Siku ya tatu Rael alimpa ndoo.

"Baba Chelimo, badala ya kunitolea macho, enda ukamue."

Akakamua kabla ya kupambazuka, wazee wenzake wasimwone akifanya kazi ya wanawake.

Baada ya miezi mitatu usingizi ulikwisha. Daktari alifurahi, akasema hata nusu saa ingetosha.

Johana alifungua mdomo kushukuru.

"Hapana, daktari," Rael akasema. "Nusu saa haimalizi ng'ombe wawili."