Makopa Yasiyokauka

Silipendi neno "vumilia". Anayelisema mara nyingi ameshiba. Mwaka ule wa njaa Mahurunga nzima tulikuwa tunaambiana vumilia, na mimi nilikuwa na binti wa miaka minne, mume aliyekuwa kuli bandarini Mtwara, na chakula tele juu ya paa ambacho hatukuweza kukila.

Chakula chenyewe kilikuwa makopa, vipande vya muhogo mchungu tulivyovianika. Ule mtamu nguruwe walikuwa wameshaumaliza shambani. Mchungu hata wao wanauogopa. Usipokauka sawasawa ni sumu. Nyumba ya pili kutoka kwetu walishindwa kungoja, wakatwanga makopa mabichi. Walitapika wote, na mtoto wao mdogo tukamzika.

Asubuhi moja mama mkwe wangu alichukua jembe aende msituni kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini tunavyovikimbilia njaa ikibana. Mlangoni akageuka.

"Mwanangu, makopa usiyaguse. Nimeyajaribu leo, bado yanapinda."

"Nimesikia, mama."

"Mtoto atalia."

"Si amezoea kulia."

"Leo atalia vingine," akasema, akaenda zake.

Alilia kweli, mpaka jua likapanda. Kisha akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alilala ubavu mkekani akinitazama tu. Nikamwita, akapepesa macho. Nilianza kujisemea kwamba kiasi kidogo hakiwezi kuua mtu, na kwamba mama mkwe ni mzee, ana woga wake. Nikaegemeza ngazi, nikateremsha makopa ya kujaza ungo, nikateleka maji, nikaanza kutwanga.

Aliposikia kinu alijiinua. Mimi nilikuwa natazama unga. Unga wa makopa makavu huruka mpaka nyusi zikawa nyeupe. Huu uliganda kwenye mchi, ukanishika vidoleni kama udongo wa mfinyanzi. Maji yakachemka. Nilipogeuka, mtoto alikuwa ameshanawa, mwenyewe, kwa maji ya kata, ameinyoosha mikono mbele isichafuke, anangoja.

Watu hudhani kupiga moyo konde ni jambo la mara moja, ukishapiga basi. Wangu niliupiga ukalegea, nikaupiga tena, ukalegea tena. Niliuzoa unga kwenye ungo, nikausogeza kwenye sufuria mpaka mvuke ukanichoma kifundo cha mkono, nikaurudisha. Nilimchukia mama mkwe, nikamchukia mume wangu na bandari yake. Mwisho nikaupandisha ungo juu ya paa, nikashuka, nikaiburuta ngazi hadi nyuma ya nyumba na kuitupa kwenye magugu. Sikuwa namzuia mtoto. Nilikuwa najizuia mwenyewe.

"Kimeiva?" akaniuliza.

"Hakuna chakula."

"Nimekiona."

"Hakuna, mwanangu."

Nikampa maji ya moto yenye chumvi kidogo. Akayatema. Akanipiga kifuani kwa mikono ile aliyoinawa, nikamwacha anipige, nikafurahi hata, maana bado alikuwa na nguvu za kunipiga. Baadaye akachoka. Nilimpakata nikahesabu pumzi zake, na kila iliyochelewa ilinikata maini.

Mama mkwe alirudi alasiri. Hakusalimia. Aliutazama mchi uliogandiwa na unga, akaacha jembe lianguke, akaja kumnusa mtoto mdomoni.

"Amekula?"

"Hajala."

"Niapie."

"Wallahi hajala, mama."

Akaketi mchangani pale pale akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mumewe. Kisha akafungua kanga, akatoa ming'oko michache yenye udongo, tukaichemsha.

Ilipoiva nilimenya wa kwanza, nikaupuliza ukapoa, nikampelekea binti yangu mdomoni. Akafumba mdomo. Nikambembeleza. Akausukuma mkono wangu, akajikokota hadi kwa bibi yake, akaketi mapajani pake na kufungua kinywa. Bibi akammenyea wake, akaula wote, na mwingine, na mwingine, huku akinitazama kwa jicho la mtu anayemkumbuka aliyemnyima.

Nilibaki na mng'oko wangu mkononi hadi ukapoa kabisa. Alikuwa anatafuna. Nilisikiliza meno yake, nikalia kwa furaha na kwa uchungu, na mama mkwe hakuniambia nivumilie.