Maji ya Nyani

Mwezi uliopita nilishuka tambarare, chini ya kwetu Masama mlimani, kuangalia shamba alilotuachia bibi. Nilisimama kwenye ukingo wa korongo lililo karibu na shamba lile, nikahisi koo limenikauka ghafla, na chupa ya maji ninayo mkononi. Wewe uliyekulia mlimani utanielewa. Sisi watu wa migombani tulikuwa na dharau zetu, kule chini tulipaita jangwani. Hakuna kitu kule, tuliambiana, ni miiba na nyoka tu.

Lakini miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wameanza kung'oa mibuni, na mahindi ya huko huko jangwani ndiyo yaliyotulisha. Kila Februari, kabla ya masika, bibi alishuka kusafisha shamba. Nilipotimiza miaka tisa alinichukua mimi peke yangu. Tulitoka alfajiri, yeye na jembe lake na panga, mimi na kiburu cha ndizi na maharage kilichofungwa kwenye jani la mgomba, na dumu la maji kichwani, lile la njano la mafuta ya kupikia.

Tulipofika, bibi alikwenda upande wa pili wa shamba kufyeka vichaka. Miguu yangu ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Nyumbani mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, ulipita hatua chache kutoka mlangoni usiku na mchana, na mtoto mwenye adabu haketi kula na miguu michafu. Basi nikanawa. Nikanawa miguu, mikono na uso, nikasuuza na bakuli ambalo wala halikuwa chafu. Sikuwa mtukutu, nilifanya nilivyofunzwa.

Bibi alipokuja kunywa, alitikisa dumu, akaitazama miguu yangu inavyong'aa. "Haya, mjukuu wangu. Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. Kikombe kimoja kilichobaki akaninywesha mimi, akarudi kulima.

Saa saba nilimkuta ameketi chini ya mgunga, jembe limeanguka pembeni. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, haitoi jasho tena, na aliniita kwa jina la shangazi yangu. Kurudi mlimani ni saa tatu za kupanda, na jirani hapakuwa na hata mmoja. Nikalia. Nilijua kabisa kwamba nimemuua bibi yangu kwa kunawa miguu.

"Acha kulia," alisema taratibu, akili ikimrudia kidogo. "Na usiyatafute maji. Tafuta wanaokunywa."

Ndipo nilipolitazama jangwa letu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimepita hapo asubuhi bila kuona kitu, na sasa kila kichaka kilikuwa na mwenyewe. Digidigi wawili walichomoka miguuni pangu. Nguchiro walichungulia kutoka kwenye kichuguu, kanga wakapiga kelele, mishubiri ilikuwa imechanua maua mekundu na ndege wadogo wamening'inia humo. Nilimfuata kobe, nikaona huyu atanifikisha Krismasi. Nikafuata nyuki. Waliruka mmoja mmoja upande ule ule, nami nikawakimbilia hadi kwenye korongo kavu.

Chini, kwenye mchanga, kulikuwa na kundi la nyani. Jike moja lilikuwa limechimba shimo kwa mikono na kuingiza kichwa chote. Dume kubwa lilinitazama likafunua meno. Nilijibanza nyuma ya jiwe. Walikunywa kwa zamu, nami nikasubiri yangu, nikimlaani kimoyomoyo kila mtoto wa nyani aliyeongeza funda huku bibi yangu anakata roho kule juu.

Walipoondoka nilichimba hadi kiwikoni. Maji yalikuja kidogo kidogo, ya matope. Niliyateka kwa kifuniko cha dumu nililokuja nalo, nikiyamimina ndani na kuyachuja kwa pindo la gauni, nikidhani kila kifuniko kinanichukua saa nzima.

Niliporudi, bibi alikunywa amefumba macho. Akapumzika, akanywa tena. Mara akaniita kwa jina langu mwenyewe, akauliza, "Wewe umekunywa?"

Tulifika nyumbani giza limeshaingia. Baba alitaka kujua kilichotuchelewesha. "Jua lilikuwa kali," bibi alimjibu, na habari ya miguu yangu hakuitaja hadi anaingia kaburini.

Sasa korongo lile limechimbwa mchanga hadi kwenye mwamba. Malori yameupeleka mjini kujenga nyumba zetu, na yangu imo. Migunga imekuwa mkaa. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anapanga magunia ya mkaa kando ya njia kama nyani bado wanakuja. "Nyani gani, dada? Hapa ni jangwa."

Nilikaa hadi alasiri, nisione hata nyuki. Ingekuwa leo, bibi yangu angekufa.