Mkono Alioushika Mzee Mbae

Lenah Mbae alifundisha Jiografia kwa miaka thelathini na minne, muda mwingi akiwa shule ya Kaaga, mjini Meru. Wanafunzi wake wa zamani wanamkumbuka kwa jambo moja: hakukubali jibu la "hapo karibu." Ukisema mto fulani unapita hapo karibu, alikurudisha kwenye ramani mpaka uweke kidole mahali penyewe. Alipostaafu alirudi nyumbani, juu ya Kanyakine, kumtunza baba yake, Mzee Mbae, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisini na mmoja, masikio yamechoka lakini akili iko pale pale.

Mzee alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia vile vile tangu Lenah akiwa mtoto. Mwaka wa 1943, wakati wa vita vya Wazungu, chifu alimtoa shambani yeye na wanaume wengine kumi na mmoja. Ndege ya kuangusha mabomu, iliyokuwa ikitumiwa kuwafunza vijana wa jeshi ng'ambo ya mlima, ilikuwa imepotea katika ukungu na kuangukia msituni. Walilala njiani siku moja, wakaifikia asubuhi ya pili. Ndani walikuwamo vijana wanne. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Wa nne alikuwa hai.

Hawakuwa na dawa wala lugha ya kuzungumza naye. Walikata miti miwili, wakafunga mablanketi, wakamlaza na kuanza kushuka, wengine wakibeba wale watatu waliokufa. Mbae, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, ndiye aliyetembea kando yake, kwa sababu kijana yule alimshika mkono na hakutaka kuuachilia. Walimpa uji kidogo kutoka kwenye kibuyu. Alikata roho alasiri, kabla hawajafika barabarani alikokuwa akingoja afisa na lori. Afisa aliona maiti nne, akaandika maiti nne, akampa kila mbebaji kikaratasi cha shukrani chenye tarehe na mhuri.

"Kidole chake cha mwisho, mkono wa kushoto, kilikosa ncha," Mzee alikuwa akisema kila mara. "Kovu la zamani. Nilikishika nusu ya siku, siwezi kukisahau. Na jina lake sikulijua."

Kilichomsumbua hakikuwa kifo chenyewe. Alikuwa ameona vifo vingi baadaye, miaka ya hali ya hatari. Kilichomsumbua ni kwamba mahali fulani palikuwa na mama aliyedhani mwanawe alikufa peke yake msituni, na aliyekuwa naye hakuwa na njia ya kumwambia. Wiki chache kabla hajafariki, mwaka wa 2014, alimwita Lenah kitandani.

"Mama yake amekwisha kufa, hilo najua," alisema. "Lakini mtu hana mama tu. Tafuta watu wake, uwaambie hakuwa peke yake."

Lenah aliitikia. Na maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyakoga.

Alianza na kile kikaratasi cha shukrani, ambacho mzee alikihifadhi ndani ya Biblia. Tarehe ilisomeka. Akaenda hadi Nanyuki kwenye makaburi ya wanajeshi, akapita mstari kwa mstari akisoma mawe, akiwa na daftari la kurasa mia mbili kama lile la wanafunzi. Saa sita mchana alikuwa amepata mawe manne yaliyofuatana, yote yana tarehe moja, siku moja kabla chifu hajawaita wanaume. Aliyanakili majina, vyeo na umri. Mkubwa wao alikuwa na miaka ishirini na sita. Mdogo, kumi na tisa. Kwa miaka mingi Lenah alikuwa akiwaza Wazungu wanne wazima wa jeshi. Aliposimama pale aliona kwamba walikuwa na umri wa vijana aliowasimamia mtihani wa kidato cha nne na wa wale waliomaliza miaka michache tu kabla yao.

Kisha akaandika barua kwa ofisi ya kumbukumbu za vita huko Uingereza. Ilichukua miezi tisa na barua tatu kabla hajaletewa nakala ya ripoti. Ilikuwa kurasa mbili. Ilisema rubani alishuka chini mno akitafuta njia ya kutoka katika wingu. Ilisema wenyeji walisaidia kubeba. Na mwisho ilisema: wafanyakazi wote wanne wa ndege walifariki papo hapo.

Lenah aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akakaa. Baba yake hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Aliposema walitembea siku, ilikuwa siku. Sasa karatasi ya serikali ilikuwa ikisema, bila kumtaja, kwamba mkono alioushika kutoka asubuhi hadi alasiri ulikuwa wa maiti.

Tangu siku hiyo kazi iliongezeka uzito. Kila Jumanne alishuka mjini kwenye saiba, duka la intaneti, akafungua kurasa ambazo familia za wanajeshi wa zamani huandikiana, akaweka majina yale manne na swali lake. Wengine walimjibu kwa upole, wengine walidhani ni tapeli. Mdogo wake, Mutugi, mkulima wa kahawa, alimwambia waziwazi kwamba anapoteza nguvu za uzee bure. Lenah hakubishana naye. Jumanne iliyofuata alishuka tena.

Kidogo kidogo wale wanne wakapata maisha. Rubani alikuwa karani wa reli, na alijifunza kuendesha ndege kabla hajajua kuendesha gari. Mwongoza njia alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeoa miezi minane kabla ya kusafiri. Lenah alijikuta akimwonea huruma zaidi, kwa kuwa alikuwa mwalimu mwenzake na ramani ndiyo iliyomshinda. Mpiga bunduki aliuza maziwa mlango kwa mlango, na hakuacha ndugu yeyote aliyeweza kupatikana. Hakuna familia iliyojua lolote kuhusu kidole.

Wa mwisho kupatikana alikuwa mpiga redio, Stanley Orme, mwenye miaka kumi na tisa. Mwaka wa 2019 mjukuu wa dada yake aliandika barua pepe ndefu. Dada huyo, Doreen, alikuwa angali hai, akiwa na miaka themanini na tisa. Alikuwa amemsimulia mjukuu mambo ya kaka yake, naye akayaandika kama alivyoyasikia: kwamba baba yao alikuwa seremala, kwamba Stanley aliimba kwa sauti mbaya akirekebisha redio za majirani, kwamba akiwa na miaka kumi na mmoja msumeno wa baba ulimkata ncha ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Mama yao, mjukuu aliandika, aliomba Mungu kidole hicho kimfanye akataliwe jeshini. Hakikutosha.

Lenah alitoka nje, akasimama kati ya miche yake ya parachichi kwa muda. Alikuwa amelipata jina, miaka mitano baada ya aliyelitaka kuondoka.

Lakini barua ile ilikuwa na mstari mwingine. Mjukuu alisema kwamba faraja ya familia, miaka yote hii, ni kujua kwamba Stanley hakuumia. Telegramu ya jeshi iliwaambia alikufa papo hapo.

Kwa wiki tatu Lenah hakujibu. Mutugi alipoambiwa, alisema jambo ambalo Lenah aliona lina ukweli ndani yake: bibi kizee wa miaka tisini ameishi na amani yake, nani amempa mtu wa Kanyakine ruhusa ya kumnyang'anya? Lenah alilipima neno hilo. Kunyamaza kungekuwa kumtii Mutugi na ile ripoti, na kumwacha baba yake mwongo. Kusema kungeweza kumvunja mtu asiyemkosea. Mwishowe aliona kwamba uamuzi haukuwa wake wala wa Mutugi. Akamwandikia mjukuu: baba yangu alikuwa mmoja wa waliomkuta Stanley, aliyoyaona si sawa na yale mliyoambiwa, muulize bibi yako kama angependa kuyasikia. Akisema hapana, sitaandika tena.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Bibi alitaka kusikia, tena kwa sauti ya mtu.

Walizungumza Jumamosi alasiri, kwa simu yenye picha. Doreen alikuwa mwembamba, ameketi wima kama aliye kanisani. Lenah aliongea polepole kwa Kiingereza chake cha darasani na hakuruka kitu: ukungu, miti miwili, mablanketi, kibuyu, mkono.

"Mama hakuiamini ile telegramu," Doreen alisema Lenah alipomaliza. "Alisema wanaandika hivyo kwa kila mtu. Alikufa akijiuliza." Kisha akauliza, "Mlimpa nini, umesema?"

"Uji. Wa wimbi, nafaka ya kwetu."

Doreen alicheka kidogo huku akifuta macho. "Alichukia uji tangu utotoni. Aliunywa?"

"Baba alisema aliunywa."

"Na baba yako, alimwambia nini? Hawakuwa na lugha moja."

Lenah hakuwa amelitarajia swali hilo, lakini jibu alilijua. "Alimtajia mito. Kila mto waliokuwa wakienda kuvuka, alimwambia jina lake, na kwamba wakishauvuka, inayobaki imepungua mmoja. Alimwambia kwa Kimeru. Alifikiri sauti inatosha."

Doreen alitaka kujua jina la baba huyo linavyotamkwa. Alilirudia mara tatu, nne, mpaka Lenah akamwambia sasa umelipata.

Baadaye Lenah aliiandikia tena ile ofisi ya kumbukumbu, akaambatisha ushuhuda wa baba yake na barua pepe ya mjukuu wa Doreen kuhusu kidole. Walijibu kwamba ripoti ya zamani haibadilishwi, ila maelezo yake yatawekwa ndani ya faili hilo hilo, asomaye moja asome na jingine. Lenah aliona hilo linafaa. Lakini katika kuandika alikuwa amegundua aibu nyingine: majina ya vijana wanne wa ndege alikuwa nayo yote, na ya wanaume kumi na wawili waliowabeba alikuwa na saba tu. Ripoti iliwaita wenyeji. Yeye alikuwa akiwaita wabebaji.

Amefungua ukurasa mpya daftarini. Alhamisi anakwenda Igoji, kwa mama mmoja mkongwe anayeitwa Ciku, ambaye marehemu mumewe inasemekana alikuwa mmoja wao.