Kushoto kwa Ndulu

Tangu Ndulu apatwe na kiharusi, mumewe Muange hakutulia. Ndulu alikuwa fundi cherehani pale Kombani, mwepesi wa maneno, mwenye jicho la kumpima mtu mabega kwa kumtazama tu. Sasa alikuwa kitandani nyumbani kwao Shimba Hills, shingo imepinda kulia, macho yameganda ukutani. Muange alikaa kushoto kwake, lakini Ndulu hakumtupia jicho hata mara moja.

"Winrose," alimwambia binti yao aliyesimama kulia, "baba yako yuko wapi? Tangu niugue hajaja kunijulia hali."

"Mama, si huyo hapo!"

"Usinidanganye mwanangu."

Muange akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Chakula nacho, Ndulu alikula cha upande wa kulia wa sahani, kisha akalalamika kuwa amepunjwa. Jirani yao Dama akanong'ona kwamba labda kuna kinyongo cha zamani. Neno hilo likamchoma Muange kama mwiba wa samaki.

Hakustahimili. Akakigeuza kitanda, kiti chake kikawa kulia. Ndulu akamwona, akalia, akamshika mkono. Muange akadhani yamekwisha.

Chande, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipofika kutoka Msambweni, akatikisa kichwa.

"Shikamoo mzee. Nani amekigeuza kitanda?"

"Marahaba. Ni mimi. Sasa ananiona."

"Anakuona, lakini shingo itazidi kukakamaa. Macho yake ni mazima. Ubongo ndio umeusahau upande wa kushoto. Kwake ni kama haupo. Hakuchukii, mzee. Rudi kule asikokuona, umwite, umsugue mkono, mpaka akutafute."

Muange akarudi kule. Akaita akimlisha, akaita akimsugua kiganja. "Sauti hiyo yatoka wapi?" Ndulu aliuliza kwa hofu, akiitafuta kulia. Kuna siku Muange alitamani kukivunja kile kiti.

Asubuhi moja shingo ikasogea, ikasita, ikasogea tena. Macho yakamwangukia.

"Baba Winrose! Mbona umekonda hivyo?"

Muange akakishika kiganja chake, akaendelea kukisugua.

Mpaka leo Ndulu hujigonga bega la kushoto mlangoni, na ndara ya kushoto huiacha uani. Cherehani ameirudia. Muange huzunguka nyuma yake, hakai.

"Kushoto, mama Winrose."

"Nimeona!" hujibu kwa hasira, na mara nyingine hajaona.