Namna ya Kumbeba Mama Mkwe kwa Kinga

Watu wakiona baiskeli yangu, ambayo sisi huku tunaiita kinga, wananiuliza ninaupaka nini mnyororo. Ninapaka mafuta machafu ya injini, ninayaomba kwa mafundi wa pikipiki pale Baraka. Mawese sipaki. Najua kila nyumba huku ina mawese, na najua yanavyolainisha mnyororo asubuhi ya kwanza. Baada ya siku chache yameshika vumbi lote la barabara, mnyororo unalia, na tone likifika pale breki inapokamata chuma cha gurudumu, umekwisha. Mawese ni ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Nimesema hivyo mpaka nimechoka, na watu bado wanapaka.

Kazi yangu ni kubeba mizigo kati ya Fizi na Baraka. Ninashuka na unga wa muhogo na mabidoni, madumu ya mawese, ninapanda na ndakala, dagaa wa ziwani kule Baraka, chumvi na sabuni. Gunia halinisumbui, kwa sababu ukilifunga vizuri linatulia. Mtu hafungwi. Mtu anageuka kuangalia nyuma, anakohoa, anaogopa. Aliyenifundisha kubeba mtu ni mama mkwe wangu, ambaye kwa desturi sikutakiwa hata kumkaribia.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, yeye anavuta kitenge hadi kichwani, anatoka pembeni, anakupa mgongo, na wewe unapita. Vijana wa mjini siku hizi wanakaa benchi moja na wakwe zao wakitazama simu. Shauri yao. Mimi nililelewa hivyo na sijaona ubaya wake.

Sasa, ikafika wakati mama mkwe akaacha kunipisha. Ananijia moja kwa moja katikati ya njia, na mimi ndiye ninayerukia shamba la mihogo pamoja na kinga yangu na mzigo wake. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara nyingine nikaharibu mayai ya watu, nikafika nyumbani nimewaka, nikamwambia mke wangu kwamba mama yake amenidharau.

Mke wangu akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mjinga.

"Mama haone tena," akasema. "Hauone vile anatembea anashika ukuta?"

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikaona haya, na hasira ikaisha palepale.

Halafu kanisani wakatangaza kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali ya Baraka, watapasua kwa siku chache tu, kisha wataondoka. Mke wangu akatangulia kwa miguu ili ashike nafasi kwenye mstari. Jirani yetu mwenye kinga aliahidi kumshusha mama asubuhi inayofuata. Motari, wale wanaobeba watu kwa pikipiki, hawakuwepo: essence, yaani petroli, ilikuwa imekosekana mjini na pikipiki zote zimelala. Asubuhi ile jirani akaamka na malaria, anatetemeka hata kikombe hashiki. Shemeji yangu, mtoto wa kiume pekee wa mama, alikuwa mbali Lulimba anachimba dhahabu. Simu ikalia.

"Beko wapi?" Alikuwa mke wangu, anawauliza jirani na mama.

Nikamweleza habari za jirani.

"Basi umulete we."

"Mimi? Mama mukwe, nyuma yangu?"

"Leo njo siku ya mwisho. Kesho madaktari banaenda. Haya yako itamupatia macho?"

Lisilo budi hutendwa. Lakini nilikaa kwanza kwenye kizingiti nikikuna kichwa, kwa sababu sikujua hata nitamwambia kwa mdomo gani. Nikamtuma mke wa jirani. Alikwenda akicheka, akarudi akicheka zaidi, na jibu la mama: "Mumuambie afunge kitu ya kushika. Mi siwezi kumushika yeye."

Huo ndio ushauri bora wa baiskeli niliowahi kupata. Watu wengi wanabeba abiria bila kumpa pa kushika, na abiria akistuka anamkumbatia dereva na wote wanalala chini. Nilikata mpira wa ndani wa zamani, nikauzungusha chini ya tandiko, nikaacha kitanzi. Nikafunga kipande cha mti karibu na gurudumu la nyuma awekee miguu, maana miguu inayoning'inia inaingia kwenye spoki. Nikasugua chuma cha magurudumu kwa majivu na sabuni kutoa mawese ya mabidoni, nikajaribu breki nikiwa nimesimama, kisha nikijisukuma taratibu. Jaribu breki nyumbani. Mteremko si mahali pa kuzijaribu.

Likabaki la kitenge. Pindo la kitenge likinaswa na gurudumu linamvuta mtu chini, na mimi siwezi kutamka neno kuhusu nguo ya mama mkwe. Mke wa jirani alipomleta mama, nikasimama nimewapa mgongo, nikatazama mbuzi, nikasema kwa sauti kubwa kwamba wanawake wote wanaopanda kinga hufunga pindo magotini. Mke wa jirani akamfunga. Alikuwa hoi kwa kicheko.

Tukaondoka. Mama aliketi upande, kama wanavyoketi wanawake wetu, na baiskeli inavutwa upande huo. Unapaswa kulala kidogo upande wa pili. Mwanzoni tulikuwa kimya. Lakini asiyeona hawezi kujiandaa, kila shimo linamkuta amelegea. Aliporuka mara ya pili nikafungua mdomo.

"Mama, shimo."

"Ee."

"Mama, breki."

"Ee."

Basi ikawa hivyo. Nikagundua jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: kwenye kinga hamtazamani. Mimi natazama mbele, yeye uso uko kwenye vichaka. Heshima yote imekaa mahali pake na bado mnasemezana. Tulipofika pale barabara inapoinuka kidogo kabla ya kushuka, upepo ukabadilika, akauliza:

"Ziwa inaonekana?"

"Inaonekana, Mama."

"Iko namna gani?"

Mimi si mtu wa maneno. Nikatafuta, nikamwambia iko na mitumbwi mingi na maji yametulia. Kisha akasema, "Enda mbio kidogo." Nikaelewa kwamba anaogopa kuchelewa kama ninavyoogopa mimi, nikakanyaga.

Hapa nisikilizwe vizuri. Kushuka na mtu nyuma, usikamate breki bila kuachia. Zinachemka, raba zinalainika. Kamata, achia, kamata, achia. Punguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Nilifanya yote hayo. Lakini mbuzi hawajui sheria. Mmoja akaruka kutoka kichakani, nikakata kushoto, na mikono miwili ikashika shati langu kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka.

Nikasimamisha. Yeye hakuachia shati, mimi sikugeuka.

"Barabara imeisha?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Basi endesha."

Akashika shati mpaka tambarare, ndipo akarudi kwenye kitanzi. Hatujalisema hilo kwa mtu. Desturi inataka ulipe kuku kwa kosa la namna hiyo. Nilimpelekea mama kuku huyo baadaye, akampokea bila kuuliza ni wa nini.

Hospitalini mstari ulikuwa karibu kwisha. Mke wangu alikuwa amebishana na kila aliyemwambia aachie nafasi, sauti imemkauka. Akamshika mama yake mkono wakaingia, na mimi nikabaki uani na kinga. Walimpasua jicho la kulia siku hiyohiyo. Nikalala kwa rafiki, vibaya, nikijiuliza kama ningekanyaga kwa nguvu zaidi wangepata muda wa jicho la pili.

Asubuhi nilirudi. Nilikuwa nimeinama ukutani nikipapasa tairi la nyuma, maana baada ya mzigo wa mtu lazima ukague tairi, nikasikia sauti ya mke wangu. Nikainua kichwa. Mama alikuwa mlangoni, kitambaa cha jicho kimeondolewa. Alikuwa anatazama kinga: kitanzi, mti wa miguu, mpini. Kisha jicho lake likapanda mpaka usoni kwangu.

Mara moja akavuta kitenge hadi kichwani, akatoka njiani, akageukia ukuta.

"Mama, twende," mke wangu akamwambia.

"Ngoja. Mukwe wangu iko pale. Apite kwanza."

Nikashika mpini nikapita nyuma yake nikisukuma kinga, machozi yananitoka mbele ya wagonjwa wote. Nilipita polepole kuliko ilivyohitajika.